Bwana Shamba Anajibu: "Mwenyekiti anasema bustani yangu ni pori"

Toka kaskazi ianze kukausha meseji za bustani zimejaa, na wengi mnalalamikia kitu kimoja kwa njia tofauti: nyasi zinaungua, bili ya maji inapanda, na ukiamua kupanda vitu vinavyovumilia jua anatokea mtu anakwambia hiyo sio bustani. Nimechagua chache. Zinazofanana nimezijibu kwa pamoja, na waliouliza habari za kuku wasubiri toleo lijalo.

Habari za kazi Bwana Shamba. Mi nakaa Raskazone, nyumba tumeachiwa na marehemu baba. Mbele kulikuwa na paspalamu, kwakweli nilishindwa kuimwagilia, maji yenyewe yanatoka kwa mgao, nikaiacha ife. Nikapanda mkonge pori, shubiri, mdagu yale maua ya pinki, na ukoka wa hapahapa nikauacha utambae wenyewe. Sasa mwenyekiti wa mtaa kapita kasema pamekuwa pori nifyeke ndani ya siku saba la sivyo faini, na jirani yangu mmoja mstaafu nae anachochea. Eti kuna sheria inasema lazima mbele ya nyumba uwe na nyasi fupi? Mama Z., Tanga.

Nzuri mama, pole na usumbufu. Hakuna sheria ya nchi inayokulazimisha upande paspalamu wala nyasi yoyote ya kununua, na wala sijawahi kuona afisa anayejali kama ua lako limetoka Brazil au limetoka Pongwe. Sheria inaangalia mambo mengine kabisa. Ya kwanza ni afya, kuna Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 ambayo inampa bwana afya nguvu ya kuingia akiona kero, yaani maji yametuama, takataka, vichaka vinavyoficha nyoka na panya, makopo yenye mbu. Ya pili ni sheria ndogo za halmashauri, na hizi ndio watu wengi wanazitaja bila kuzisoma.

Sheria ndogo haizaliwi mdomoni mwa mwenyekiti. Halmashauri ya mji au jiji inapewa mamlaka ya kuzitunga na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982, madiwani wanapitisha, waziri anaridhia, alafu inatoka kwenye Gazeti la Serikali ikiwa na namba yake ya tangazo, ile mnayosikia wanaita GN. Kwahiyo we nenda ofisi ya mtendaji wa kata, sio kwa ugomvi, nenda na salamu zako, mwambie mwanangu naomba nionyeshe sheria ndogo ya usafi inayonihusu na namba yake ya GN nikaisome. Ni haki yako. Kama ipo utaonyeshwa, na mara nyingi utakuta inazungumzia majani marefu, uchafu na eneo linalokuzunguka mpaka barabarani au mtaroni, haizungumzii aina ya mmea. Na kama itafika kwenye faini, faini ya halali inalipwa kwa kontrol namba na unapewa risiti, mtu akikwambia mpe mkononi hiyo sio faini mama, hiyo ni kitu kingine.

Ila na mimi ntakusema kidogo. Mwenyekiti hajatoka hewani. Mkonge pori na ukoka uliojiachia, mtu akipita barabarani haoni bustani, anaona kiwanja kilichotelekezwa. Dawa yake ni ndogo na wala haina gharama kubwa: weka kingo. Mawe ya matumbawe yamejaa Tanga, yapange mstari kuzunguka hicho kitalu, tengeneza kijia cha kupita mtu mmoja kikiwa na kokoto au mchanga, na ule upande wa barabarani acha kama mita moja ukoka umekatwa chini kabisa. Panga mimea kwa makundi, shubiri pamoja, mkonge pori pamoja, usichanganye mmoja mmoja kama umerusha mbegu usiku. Kwenye makundi hayo toa magugu kila wiki maana usafi ndio hoja yao, na ukiwanyima hiyo hoja hawana nyingine. Alafu mwite bwana afya wa kata aje aone mwenyewe, yeye akisema hakuna mbu wala kichaka mwenyekiti atatulia, na yule mstaafu mpelekee mche wa mdagu.

Ukimpelekea mwambie na hili, utomvu wa mdagu ni sumu, wawindaji wa zamani walikuwa wanapaka kwenye mishale, kwahiyo upandwe mbali na pale wajukuu wanapochezea na unaposhika kisu kukatia nawa mikono.

Jambo la mwisho kwako mama: usikimbilie pevingi. Najua jirani anakushauri uweke pevingi uwanja mzima uondokane na kelele, kila mtu Tanga sasa hivi anaweka pevingi mpaka kwenye shina la mwembe. Mvua ya Mei ikija hayo maji hayana pa kuzama, yanakwenda kwa wa bondeni, na Januari hapo mbele hapakaliki kwa joto. Mi kwa maoni yangu hapa ndipo halmashauri ingeweka sheria ndogo ya maana, kwamba kila kiwanja kibaki na sehemu ya udongo, kuliko kumfuata mama mwenye shubiri.

Oya bwana shamba mambo, mi nipo Nianjema Bagamoyo. Kaka yangu mtoto wa mamkubwa yupo Las Vegas anasema kule serikali inakulipa hela uking'oa nyasi nyumbani kwako!! nikajua ananifunga kamba. Ni kweli? na kwanini huku kwetu wasifanye hivyo maana hata sisi maji shida. Pia anataka anitumie mbegu za mimea ya jangwani kwenye bahasha.

Safi dogo. Hajakufunga kamba. Mamlaka ya maji ya kule kusini mwa Nevada inawalipa watu kwa kila futi ya mraba ya nyasi wanayoing'oa na kuweka mimea ya jangwani, na mwaka 2021 jimbo la Nevada likapitisha sheria kabisa: kuanzia 2027 ni marufuku kutumia maji ya mto Colorado kumwagilia nyasi za urembo tu, zile za kwenye maofisi, kati ya barabara na kwenye maegesho ambazo hakuna mtu anazikanyaga zaidi ya yule anayezikata. Nyumba ya familia moja haikuguswa na hiyo marufuku, viwanja vya mpira, shule na makaburi navyo wameviacha.

Sababu yao ni nzuri ukiijua. Las Vegas inapata mvua kama milimita 100 hivi kwa mwaka mzima na karibu maji yao yote, kama asilimia 90, yanatoka mto mmoja huo Colorado. Sasa maji yanayotumika ndani ya nyumba, ya kuoga, ya choo, ya jikoni, wanayasafisha na kuyarudisha kwenye ziwa la mto huo huo, kwahiyo hayapotei. Maji yakimwagwa kwenye nyasi ndio basi, yamekwenda na jua. Ndio maana wamezikamia nyasi na hawajakamia mabafu.

Tanga inapata zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka. Bagamoyo pungufu kidogo lakini bado sio jangwa. Mvua anayoipata kaka yako kuanzia Januari mpaka Desemba, sisi masika ikikolea tunaipata ndani ya siku chache na bado watu wanalalamika nguo hazikauki. Tatizo letu ni kwamba mvua inakuja kwa mkupuo, Machi mpaka Mei, alafu vuli Oktoba mpaka Desemba, katikati hapo hasa Januari na Februari jua linachoma na udongo wetu wa mchanga juu ya mawe ya matumbawe haushiki maji hata kidogo. Kwahiyo ukichukua mimea ya jangwani ya Nevada ukaileta Bagamoyo haitakufa kwa kiu, itaoza Mei.

Kuhusu kulipwa, sahau kwanza. Lakini kuna kitu cha Marekani mi nakipenda kuliko hizo hela. Kule mitaa mingi ina vyama vya wenye nyumba, na vina ukorofi kuliko mwenyekiti yoyote unayemjua, wanakupangia mpaka rangi ya mlango. Sasa Texas mwaka 2013 wakapitisha sheria kwamba chama hakiruhusiwi kumkataza mtu kuweka bustani ya mimea inayovumilia ukame, ila chama kinaweza kumtaka alete mchoro kwanza waupitie, na hawaruhusiwi kuukataa bila sababu ya maana. Florida nao wana sheria ya namna hiyo toka 2009. Hilo la mchoro chukua, halihitaji bunge: chora kwenye karatasi ya daftari, wapi mti, wapi kijia, wapi ukoka, nenda nayo kwa mtendaji kabla hujaanza kuchimba. Mtu akishaona mchoro anakuwa shahidi wako.

Mbegu kwenye bahasha HAPANA. Kuingiza mbegu au miche nchini kunahitaji kibali cha TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyoundwa kwa sheria ya 2020, na huko inakotoka iwe na cheti cha afya ya mimea. Sio urasimu wa bure. Pale Amani juu ya Muheza Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902 wakaleta miti ya kila pembe ya dunia kujaribu, na kuna mti mmoja, Maesopsis, ulitoroka ukaingia msitu wa asili na mpaka leo wahifadhi wanahangaika nao. Mwambie kaka akutumie viatu.

Bwana shamba nina kiwanja Sahare karibu kabisa na bahari, mbele kuna mikoko inaziba view, nataka niitoe niweke bustani nzuri ya nyasi hadi majini. Kisima nimechimba maji yana chumvi. Nipande nini? Natanguliza shukrani.

Mzee, hebu weka panga chini tuongee.

Mikoko sio yako. Hata ikiwa imeota mbele ya geti lako, mikoko yote ya Tanzania Bara ni hifadhi ya msitu ya serikali, hili ni toka enzi za Mjerumani, na chini ya Sheria ya Misitu ya 2002 kuikata bila kibali ni kesi, wanaoisimamia ni TFS, ule wakala wa misitu wa serikali. Na hapo hapo kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na mita hizo hizo zinahusu na kingo za mito na mabwawa. Kabla hujapanga bustani yako mtafute mpima akuonyeshe bikoni zako, zile alama za mpaka wa kiwanja, ziko wapi na mita 60 zinaishia wapi, maana nimeona watu Tanga wana hati mkononi na ukuta uko sehemu ambayo hautakiwi kuwepo.

Alafu mikoko hiyo ndio inakushikia kiwanja. Ikiondoka ukuta wako utakuwa wa kwanza kuogelea.

Haya, cha kupanda ndani ya eneo lako halali. Kwa maji ya chumvi na upepo wa bahari achana kabisa na maua ya vitalu vya mjini, nenda na wenyeji wa pwani. Mtondoo ni mti wa kivuli unaovumilia chumvi vizuri sana, majani yake mazito yanang'aa, ila hauna haraka, ukiupanda leo kivuli atakaa mjukuu. Mkadi, ule wenye mizizi inashuka kama miguu ya kamera. Mnazi bila shaka. Chini kwenye mchanga acha mlakasa utambae, ule wenye maua ya zambarau ambao watu wanang'oa wakidhani ni gugu, na huo ndio unaoshika mchanga usihame. Ukitaka nyasi ya kukanyagia tafuta nyasi za Pemba, zile za majani mapana, zinaota zenyewe ufukweni na hata kwenye kivuli zinakubali. Paspalamu nayo inastahimili chumvi, siwezi kuidhulumu, shida yake kiangazi inataka maji mengi na mashine ya kukatia.

View utaipata. Jenga kibaraza juu.

nipo Kange, nilipanda miembe minne mbele ya duka langu kando ya barabara kuu wamekuja watu wa barabara wameweka X. Mti nao unafukuzwa?? wakati kila siku tunaambiwa tupande miti

Unafukuzwa ndio, kwasababu uko ndani ya hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu na za mkoa Sheria ya Barabara ya 2007 inachukua mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara, zamani ilikuwa 22.5, na ukitaka kupanda chochote humo unaomba kwanza kwa TANROADS, na zile za mitaani na vijijini ni TARURA. Angalia rangi ya hiyo X. Nyekundu maana yake ulivamia na hulipwi, kijani maana yake barabara ndio ilikufuata na kuna fidia. Kama ni kijani tunza picha na risiti zako zote. Wale wengine mlioandika kuhusu miti iliyokatwa vichwa chini ya nyaya za umeme jibu ni la familia hiyo hiyo, chini ya laini panda vitu vifupi, ukipanda mkrismasi usishangae.

Sisi hapa kijiweni Makorora tunabishana, kuna mzee anasema mwarobaini na mkonge ndio miti ya asili ya Tanga, mwingine anasema sio. Tumewekeana soda.

Mzee kapoteza soda zote mbili. Mkonge umetoka Mexico, uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kwa kupitia Florida, aliagiza miche elfu moja na iliyofika hai ilikuwa 62 tu, na hiyo 62 ndio ikazaa mashamba yote mnayoyajua. Mwarobaini ni wa India. Na kwa taarifa yenu mwembe, mkungu, mzambarau, mjohoro, mlonge na bogenvilia wote ni wageni, mkrismasi katoka Madagaska. Wageni wengi hawana shida, bogenvilia anavumilia ukame kuliko wenyeji wengi na mi nampanda bila wasiwasi. Mwarobaini ndio wa kuangalia, ndege wanakula tunda wanapeleka mbegu kila mahali, huko Saadani umeshaingia hifadhini. Mmoja nyumbani kwa dawa na kivuli sawa, ukianza kuota yenyewe pembeni ng'oa michanga.

Wenyeji wa kweli ni mbuyu, mkwaju, mkoche, mvule, mpingo, na mkilua ambao harufu yake kina mama wanaijua zaidi yangu, ni wa pwani hii hii ya kwetu na Kenya, upande kwenye kivuli cha mti mwingine na utakupa maua. Kuna na kile kiua cha zambarau kinachouzwa kwenye vikopo Ulaya nzima, Saintpaulia, nacho ni cha huku Tanga na Usambara, mtawala wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ndio alikipeleka kwao mwaka 1892 kikapewa jina lake. Msikiweke juani lakini, kinakaa kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, Makorora mchana kitadumu nusu saa.

Mbuyu na mkwaju msipande karibu na nyumba, na mvule ukishakuwa mkubwa usiguse bila kuuliza ofisi ya misitu ya wilaya.

Ni muda gani mzuri wa kupanda ili nisimwagilie sana? Wasomaji wengi wa Tanga na Bagamoyo.

Sio sasa hivi. Sasa hivi chimba. Udongo wetu wa mawe unataka shimo la futi mbili kwa mbili na kina futi mbili, toa mawe, tandika makumbi ya nazi chini yakiwa yamelowekwa, yanashika maji kama vile wazee walivyokuwa wanafanya kwenye minazi, juu yake changanya samadi iliyooza na udongo mwekundu, liache likae. Masika ikishashika vizuri, sio ile mvua ya kwanza ya kudanganya, mche unaingia. Ukiukosa mwezi wa nne panda vuli. Mmea unaovumilia ukame hauvumilii ukiwa mchanga, mwaka wa kwanza lazima uumwagilie, hapa ndipo wengi mnapoua miche mkisema bwana shamba alisema hauhitaji maji. Mara mbili kwa wiki maji mengi yashuke chini ni bora kuliko kila siku kikombe kimoja, mwaga asubuhi mapema au jua likizama. Juu funika na majani makavu au makumbi, usichome yale majani bwana, kila Jumamosi ya usafi Tanga yote moshi, mnachoma mbolea.

Maji ya kufulia yatumike kwenye migomba na miti mikubwa, mchicha hapana. Mkumbuke pia hayo ya bomba kwa wa Tanga yanatoka bwawa la Mabayani, mto Zigi, chanzo chake ni misitu ya Amani, na kuna wakulima kule juu wameambiwa wasilime mpaka kwenye kingo za mto ili sisi tupate maji safi huku chini. Mi nikiona mtu ameacha mpira unamwagilia pevingi saa saba mchana huwa napita kimya maana nikifungua mdomo tutagombana.

Uzio wa minyaa unafaa? Nina watoto wadogo. Chumbageni.

Kwa ukame hakuna kama mnyaa, unachomeka kijiti unaota bila hata kuulizwa. Lakini maziwa yake yakiingia kwenye jicho ni hospitali moja kwa moja, kwahiyo na watoto wadogo hapana. Weka mchongoma, una miiba lakini miiba mtoto anaiona, ukate kila baada ya masika na usiruhusu utokeze nje ya bikoni.